Mume wangu anamcheka kila kocha anayeikataa Auburn, na kijana wetu hataki tena kuja nyumbani

"Shikamoo Dokta. Sisi tumetokea Dar es Salaam, na huu ni mwaka wetu wa tisa Birmingham, Alabama. Mume wangu hakusoma chuo chochote hapa lakini ni Alabama damu, yaani shabiki wa kufa wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama, kama alivyokuwa Yanga damu tulipokaa Temeke. Kijana wetu wa kwanza yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Auburn, wapinzani wa jadi wa Alabama. Tangu Auburn wamtimue kocha wao mwanzoni mwa Novemba 2025, nyumba haikaliki. Baba anakesha na simu. Anasoma tetesi, anafuatilia hata ndege za matajiri wa Auburn zinatua uwanja gani, na kila ikisemwa kwamba fulani amekataa kazi, anacheka peke yake saa nane za usiku. Yote anamtumia kijana, na maneno ya kumzodoa juu yake. Walipompata kocha mpya alimwandikia kwamba chuo chao kimeokota alichobakiza jirani. Sasa kijana hapokei simu za baba yake, na likizo hii ya Desemba amesema atabaki kwa rafiki yake Atlanta. Mume wangu anasema ni utani tu, mtoto amelelewa kizungu. Mimi naona furaha ile si ya kawaida. Je, ni ugonjwa? Na ni kweli kwamba timu inayokataliwa na makocha ndiyo imekwisha? Kijana anaamini hivyo na anaumia. Halafu inakuwaje mtu anafukuzwa kazi na bado analipwa mamilioni?"

Marahaba, dada. Umeuliza maswali matatu, lakini nadhani linalokunyima usingizi ni la nne, ambalo hukuliandika: kama baba na mtoto wanaweza kupotezana kwa ajili ya kocha ambaye hakuna hata mmoja wao anayemfahamu. Nitafika huko. Kwanza nikutoe hofu ya ugonjwa.

Si ugonjwa. Mtu mzima anayefuatilia ndege za watu kwenye simu usiku wa manane, ukimweka Temeke, utamwita shehe au padri. Mweke Birmingham mwezi wa Novemba, ni jirani wa kawaida tu. Jimbo la Alabama halina timu hata moja katika ligi kuu za kulipwa za Marekani, iwe ya futiboli, ya kikapu au ya besiboli. Mapenzi yote ambayo majimbo mengine yamegawa kwa timu tano au sita, Alabama yamemwagwa kwa vyuo viwili, Alabama na Auburn. Vilianza kuchezana mwaka 1893. Baada ya mechi ya 1907 vilishindwa kuelewana juu ya posho za wachezaji na nani awe mwamuzi, vikakaa miaka 41 bila kukutana uwanjani. Waliporudiana mwaka 1948, hapo hapo mjini kwenu, viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walichimba shimo kwenye bustani ya katikati ya mji wakazika shoka, ishara ya kumaliza ugomvi. Kisha Alabama wakashinda 55 kwa 0. Sasa fikiria mtu anaingia mji wa namna hiyo akiwa hana ndugu hata mmoja, hana mtani, hana baraza la jioni. "Roll Tide", kauli ya mashabiki wa Alabama, ndiyo salamu ya kwanza iliyoitikiwa. Mwanasaikolojia Daniel Wann wa Chuo Kikuu cha Murray State, huko Kentucky, ametumia miaka mingi kuchunguza mashabiki, na moja ya mambo aliyoyaona mara kwa mara ni kwamba wanaojitambulisha na timu ya mahali wanapoishi huwa na upweke mdogo kuliko wasiokuwa na timu. Kwa hiyo usije ukafikiri dawa ni kumng'oa mumeo Alabama. Ungemng'oa na marafiki zake wote.

Umesema furaha ile si ya kawaida, na hapo umeona vizuri, ila si kwa namna unayodhani.

Mwaka 2011 mtafiti Mina Cikara na wenzake waliwaweka mashabiki wa kufa wa Boston Red Sox na New York Yankees kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakiwaonyesha michezo ya besiboli. Sehemu ya ubongo inayochangamka mtu akipata zawadi ilichangamka timu yake ilipofanya vizuri. Ilichangamka pia mpinzani alipoharibikiwa, hata alipoharibikiwa mbele ya timu ya tatu kabisa, mechi ambayo timu ya mtazamaji haikuhusika nayo. Yaani mumeo anapocheka saa nane za usiku haigizi, ubongo wake unalipwa. Lakini kuna sehemu ya pili ya uchunguzi ule, na hiyo naomba uikumbuke tutakapofika mwisho: wale ambao ubongo wao ulichangamka zaidi mpinzani alipoumia ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba wangeweza kumtukana, kumtishia, hata kumpiga shabiki wa upande ule.

Na kwa nini msako wa kocha umkoleze kuliko mechi yenyewe? Kwa sababu mechi ina hatari. Inachukua saa tatu na nusu, na mwisho wake unaweza kuumbuka wewe. Timu pinzani inapotafuta kocha, timu yako haichezi, haiwezi kufungwa, na starehe inakuja kwa matone kila siku kwa wiki nne: huyu kakataa, yule kaongezewa mshahara alikokuwa, ndege imetua Tampa, ndege imeondoka tupu. Kwa shabiki ni kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikivuja, naye yuko kavu, na mvua haikatiki.

Sema hayuko kavu sana. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Colin Leach walichapisha utafiti juu ya Waholanzi na furaha yao Ujerumani ilipotolewa kwenye Kombe la Dunia. Waliokumbushwa kwanza unyonge wa timu yao wenyewe ndio waliofurahia zaidi anguko la Wajerumani. Isome sentensi hiyo tena ukimfikiria mumeo. Nick Saban alikuwa kocha wa Alabama kwa misimu 17 na kushinda ubingwa wa taifa mara sita akiwa hapo. Alistaafu tarehe 10 Januari 2024, na siku mbili baadaye akatangazwa Kalen DeBoer. Oktoba ya mwaka ule ule Alabama, ikiwa namba moja nchini, ikafungwa na Vanderbilt, timu ambayo watu walikuwa wakiichekea kwa miaka, 40 kwa 35. Msimu wa 2025 walianza kwa kufungwa na Florida State 31 kwa 17, na Desemba 6 Georgia wakawafunga 28 kwa 7 kwenye fainali ya kanda. Ni kweli Alabama wamewafunga Auburn mara sita mfululizo, na hata Novemba 29 walishinda 27 kwa 20. Lakini mtu aliyezoea kuogopwa, akianza kuhisi haogopwi tena, hutafuta nyumba inayovuja zaidi ya yake. Kicheko cha mumeo sidhani kama kinaihusu Auburn sana. Nadhani ni namna yake ya kuomboleza Saban.

Wahenga wangemwambia mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Shabiki hatii maji, anapiga picha.

Sasa swali lako la pili, ambalo kijana wako ndiye anayehitaji jibu lake zaidi. Je, timu inayokataliwa na makocha imekwisha? Nitakupa kisa kimoja, na ningependa kijana akijue kwa moyo, maana kinaihusu Alabama yenyewe.

Novemba 2006 Alabama walimfukuza kocha wao, Mike Shula. Wakati huo ni Auburn waliokuwa wakitamba. Walikuwa wamewafunga Alabama mara tano mfululizo, na mashabiki wao walizihesabu kwa vidole hadharani. Alabama wakamtaka Rich Rodriguez, kocha wa chuo cha West Virginia, vyombo vya habari vikaandika kwamba mambo yameiva, na Desemba 8 bwana yule akasema anabaki kwao. Hebu fikiria vicheko vya Auburn. Chuo kikubwa chenye historia ile kinakataliwa mchana kweupe! Mkurugenzi wa michezo, Mal Moore, alionekana mzee aliyepitwa na wakati. Akaenda kumbembeleza Nick Saban, aliyekuwa akifundisha Miami Dolphins kwenye ligi ya kulipwa, na Desemba 21 Saban akawaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Vicheko vikaongezeka. Siku 13 baadaye, tarehe 3 Januari 2007, Saban akashuka kwenye ndege Tuscaloosa, mji wa chuo cha Alabama, akiwa na mkataba wa miaka minane wa dola milioni 32.

Hata hapo vicheko havikukoma mara moja, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka. Mwaka wake wa kwanza Saban alimaliza na ushindi 7 na vipigo 6. Alifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe, chuo kidogo, 21 kwa 14. Akafungwa na Auburn 17 kwa 10, kidole cha sita. Shabiki wa Auburn aliyelala usiku ule alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba msako wa jirani yake ulizaa hasara ya milioni 32. Mwaka uliofuata Alabama wakashinda 36 kwa 0. Yaliyofuata mumeo anayajua kuliko mimi.

Auburn nao wana kisa chao cha upande wa pili. Desemba 2008 walimchukua Gene Chizik, ambaye akiwa kocha wa chuo cha Iowa State alikuwa ameshinda mechi 5 na kupoteza 19. Mkurugenzi wa michezo alizomewa na shabiki wa timu yake mwenyewe pale uwanja wa ndege. Alabama walicheka hadi machozi. Msimu wa 2010 Chizik, akiwa na mchezaji Cam Newton, alishinda mechi zote 14 na ubingwa wa taifa, akiwafunga Oregon 22 kwa 19. Halafu mwaka 2012 akashinda 3 tu, akafungwa na Alabama 49 kwa 0 na kufungashiwa virago siku iliyofuata. Kwa hiyo waliocheka mwaka 2008 walikuwa sahihi au walikosea? Inategemea unawauliza mwaka gani.

Sikudanganyi kwamba kila msako wenye aibu huishia kwa ubingwa. Mwaka 2017 chuo cha Tennessee walikubaliana na kocha Greg Schiano, mashabiki wakaandamana, dili likafa siku hiyo hiyo, na ndani ya wiki moja mkurugenzi wa michezo mwenyewe akapoteza kazi. Waliyempata mwishoni, Jeremy Pruitt, alifukuzwa Januari 2021 kwa kashfa ya usajili. Hapo waliocheka walikuwa na haki yao. Ila baada yake akaja Josh Heupel, na Oktoba 2022 Tennessee wakaifunga Alabama 52 kwa 49, mara ya kwanza tangu 2006. Na sasa tega sikio: mratibu wa mashambulizi kwenye benchi la ufundi la Tennessee siku ile alikuwa kijana mmoja anayeitwa Alex Golesh. Ndiye huyo huyo ambaye Auburn walimtangaza kuwa kocha wao Novemba 30, 2025, yule mumeo anayesema kaokotwa. Aliichukua timu ya chuo cha South Florida ikiwa imetoka msimu wa ushindi mmoja na vipigo 11, mwaka wake wa kwanza ikashinda mechi 7. Ana kitu kingine ambacho kwenu kingepaswa kuwa na uzito. Alizaliwa Moscow na kuletwa Marekani akiwa mtoto wa wahamiaji.

Simaanishi atafaulu. Ninachosema ni kwamba kelele za wiki nne hazina habari yoyote juu ya miaka minne ijayo, na sababu yake ni ya kawaida kabisa ukiijua kazi inavyofanyika.

Majina unayoyasikia wakati wa msako mara nyingi hayatoki chuoni. Yanatoka kwa mawakala. Kocha ambaye jina lake limetajwa na timu kubwa ana sababu nzuri ya kumwendea mwajiri wake na kuomba nyongeza, na wakala anaijua saa hiyo. Mwaka 2022 Auburn walipokuwa wanatafuta, jina la Lane Kiffin, kocha wa chuo cha Ole Miss, lilivuma kila kona. Mwisho alibaki Ole Miss na mkataba mpya. Je, aliikataa Auburn? Inawezekana. Lakini neno "kukataliwa" linafaa zaidi kwenye posa kuliko kwenye biashara hii. Chuo huzungumza na watu wengi kwa wakati mmoja, wengine kupitia kampuni za kutafuta makocha zinazolipwa kwa kazi hiyo, wengine kwa simu ya rafiki wa rafiki, ili pande zote ziweze kusema baadaye kwamba hakuna kazi iliyotolewa. Tena kuna haraka. Vijana wa sekondari husaini mwanzoni mwa Desemba, na Januari dirisha la uhamisho linafunguliwa, hivyo mkurugenzi wa michezo anatafuta mtu huku wachezaji wanamtazama na mguu mmoja nje. Kwa nje inaonekana fujo. Kwa ndani ni fujo pia, sikatai, ila ni fujo ambayo kila chuo huipitia, na waliomcheka mwenzao mwaka huu huwa zamu yao iko njiani. Jina la DeBoer lenyewe limekuwa likitajwatajwa kwenye nafasi za vyuo vingine. Nadhani mumeo analijua hilo, na nadhani linamkosesha usingizi kuliko Golesh.

La mamilioni nitalijibu kwa kifupi. Kocha husaini mkataba wa miaka mingi kwa sababu mzazi wa mchezaji anataka kusikia kwamba anayemkabidhi mwanawe atakuwepo miaka mitatu ijayo, na wakala wake anahakikisha imeandikwa kwamba akiondolewa bila kosa la kinidhamu, sehemu kubwa ya miaka iliyobaki italipwa. Kufungwa mechi si kosa la kinidhamu. Ndiyo maana Auburn waliingia deni kwa makocha waliowafukuza: zaidi ya dola milioni 21 kwa Gus Malzahn mwaka 2020, zaidi ya milioni 15 kwa Bryan Harsin mwaka 2022, na karibu milioni 16 kwa Hugh Freeze mwaka 2025. Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher mwaka 2023 kwa fidia iliyozidi milioni 75. Kwa vyuo vikubwa vya namna hii fedha hizo zinatoka hasa kwenye haki za televisheni, tiketi, na matajiri wanaoipenda timu kuliko wanavyopenda pochi zao. Mimi binafsi naona ni aibu, chuo kinapolipa wanaume watatu kwa kutofundisha. Lakini kijana wako asidhani ada yake ndiyo iliyomlipa Freeze.

Sasa tuje nyumbani kwako.

Mumeo anasema ni utani. Neno hilo ni zito kuliko anavyolitumia, na kwa kuwa ni mtu wa Dar, Yanga damu, aliyekua akiwaita Simba watani wa jadi, ana wajibu wa kulijua. Utani wetu una sheria. Mtani wako anaweza kukuvamia msibani akalala kaburini akisema hazikwi mtu hapa mpaka alipwe, na watu wakacheka katikati ya kilio. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuja na mkono wa kusaidia, aliyefika wakati ndugu wengine bado wako njiani. Utani unakwenda pande mbili: leo wewe, kesho mimi, na aliyetaniwa ana haki ya kurudisha pigo. Na utani ni wa watu walio sawa, mababu kwa wajukuu, mashemeji kwa mashemeji, kabila kwa kabila. Baba na mwanawe hawataniani kwa namna hiyo katika mila nyingi za kwetu, na wazee hawakuwa wajinga. Mtoto hawezi kurudisha pigo la baba. Akirudisha ni utovu wa adabu, asiporudisha amemeza. Kijana wako amemeza mwezi mzima, halafu akaacha kupokea simu. Huko sikuiti kulelewa kizungu. Amechagua njia pekee ya heshima aliyoiona.

Tena angalia hasa alichoandikiwa. "Auburn wameokota kocha" ni maneno juu ya Auburn. "Chuo chenu kimeokota alichobakiza jirani", likitoka kwa baba, kijana wa mwaka wa pili analisikia hivi: ulichagua vibaya. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba wanafunzi wa vyuo vya Marekani, timu yao ikishinda, huvaa nguo za chuo kwa wingi zaidi Jumatatu na kusema "tumeshinda", na ikifungwa husema "wamefungwa". Ni ujanja wa kawaida wa kujikinga. Mumeo, ambaye hakusoma Tuscaloosa, anaweza kusema "wamefungwa" na kuendelea na maisha. Kijana analala Auburn, anakula Auburn, cheti chake kitaandikwa Auburn. Kwake hakuna "wao" ya kukimbilia.

Ufanye nini? Unaweza kunyamaza na kusubiri, maana msako umekwisha na Januari kelele zitapungua zenyewe. Kelele ndiyo, lakini ukimya wa kijana hautapungua wenyewe, na likizo moja isiyoliwa pamoja huzaa nyingine. Unaweza pia kumpiga mumeo marufuku. Atahamia kusoma tetesi chooni. Njia ya tatu, na akina mama wengi huingia humo bila kujua, ni kuwa posta: kumwambia mtoto "baba hakumaanisha", kumwambia baba "mtoto ameumia", na kila mmoja kuzungumza na wewe badala ya mwenzake. Usikubali kazi hiyo. Inachosha, na barua hufika zimekunjwa.

Ningekuwa wewe, ningemtafuta mumeo wakati simu haipo mkononi, na nisizungumze futiboli kabisa. Ningemsomea meseji tatu tu alizomtumia kijana, kwa sauti, bila kuongeza neno. Sauti ya mkewe ikisoma maneno yake inafanya kazi ambayo hoja zangu zote hapa haziwezi. Halafu ningemwomba kitu kimoja kidogo: ampigie mtoto simu yeye mwenyewe, asiandike. Asianze na samahani kama samahani inamkwama kooni, wanaume wa umri wake nawafahamu. Aanze na mitihani imekwendaje. Kisha amuulize, kwa kutaka kujua kweli, huyu Golesh anachezesha mchezo gani. Kijana atakuwa na mengi ya kusema, maana timu za bwana yule zinajulikana kwa kasi, na baba atalazimika kusikiliza akifundishwa na mwanawe. Kama kijana hatapokea, yuko mjomba wake au mzee yeyote anayemheshimu? Mwombeni apige kwanza, kwa ajili ya kufungua mlango tu, asihukumu.

Na wewe mpigie kijana kwa mambo yenu wawili. Kuhusu baba mwambie hili moja: kicheko cha baba yako kimeanza siku Saban alipoondoka. Atalielewa. Ni shabiki pia.

Kuna hali ambazo hazitoshi kushughulikiwa kwa ushauri wa kusoma, na nakuomba usizisubiri zikomae. Ya kwanza ni fedha. Ukiona mumeo ameanza kucheza kamari juu ya mechi au hata juu ya nani atakuwa kocha, na hasa ukiona anaficha, hilo lina watu wake maalumu na mapema ni nafuu. Ya pili ni usingizi na pombe. Msako umekwisha, kama wiki tatu kutoka sasa bado yuko macho saa nane za usiku, kinachomkesha si Auburn, na daktari wenu wa kawaida anapaswa kujua, kwa sababu sonona kwa wanaume mara nyingi huja imevaa hasira na kukosa usingizi. Ya tatu ni ile niliyokuomba uikumbuke. Siku furaha ya kumwona mpinzani akianguka itakapogeuka vitisho, kurusha vitu, au mkono kwako au kwa mtoto, usimwite mjomba. Toka kwanza, kisha utafute msaada wa nje siku hiyo hiyo. Jimbo lenu lina mfano wa jinsi mambo haya yanavyoweza kuvuka mpaka: baada ya Auburn kutoka nyuma 24 kwa 0 na kushinda 28 kwa 27 mwaka 2010, shabiki mmoja wa Alabama alikwenda kumwaga sumu ya kuua mimea kwenye mialoni ya zamani ambapo Auburn husherehekea ushindi. Miti ikafa, na yeye akafungwa jela.

Kwa kijana pia: vyuo vikubwa vya huko vina ofisi za ushauri kwa wanafunzi. Akikuambia hali chakula, hahudhurii madarasa au amejifungia, mwambie aende, na kama anazungumza habari ya kutotaka kuishi, namba 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, inapokea simu saa 24. Na nyinyi wazazi, mkienda hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu, mna haki ya kupewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Ombeni mnapoweka miadi, msingoje kufika mlangoni. Nimeona wanandoa wakimtumia mtoto wao kuwa mkalimani wa ugomvi wao wenyewe, sitaki kuona tena.

Wakishazungumza, mpe mumeo kazi ya mikono. Novemba 2026 mechi itachezwa Tuscaloosa, kwenye uwanja wa watu zaidi ya laki moja, na tiketi zake si rahisi. Aanze kuweka akiba ya mbili, moja yake na moja ya kijana, na kijana avae rangi ya machungwa na bluu safari nzima ndani ya gari la baba yake.